Breki Inayofikiri

Asubuhi hiyo benchi la kona, mbele ya kibanda cha kinyozi, lilikuwa na mgeni wa magurudumu mawili. Baiskeli ya kitoto ya kijani ilisimamishwa mbele ya wazee kama mshtakiwa anayesubiri kusomewa mashtaka. Aliyeileta ni fundi cherehani wa jirani, ambaye mtaa mzima humwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Wiki iliyopita mjukuu wake wa kike aliteremka nayo kwenye mteremko wa shule, akabana breki, gurudumu la mbele likakwama, naye akarushwa mpaka kidevu kikashonwa. Baba wa mtoto, mwana wa Sindano, hakufoka. Alisema tu kwamba jioni akirudi kazini, ama aelezwe baiskeli hii itakuwaje salama, ama aigawe. Mtoto alilia. Sindano akamwambia, “Niachie mimi.” Na mtoto, kwa imani yake yote, akamwachia.

— Hebu eleza tena, alisema Redio, dereva mstaafu wa malori asiyejua kuzimika. Hicho kitu kipya cha dukani kinafanyaje?

— Ni kijisanduku, alijibu Sindano. Kinafungwa hapa chini. Mtoto akibana sana, gurudumu likitaka kukwama, chenyewe kinaachia kidogo, kinabana tena, kinaachia tena. Baiskeli inasimama bila kumrusha mtu.

— Hayo si mageni. Lori langu lilikuwa nayo.

— Kumbe lori lako lilikuwa na breki! alidakia kinyozi, anayeitwa Waziri kwa sababu hanyoi ndevu bila hotuba. Sasa geti la mkweo uliligongaje?

— Lile geti lilisogea.

Shangazi muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga nusu kikombe.

— Mimi napinga, alisema Waziri, akasimama kama yuko mbele ya umati. Mtoto lazima aanguke. Sisi tulikua na makovu. Magoti yangu haya ukiyaona, utadhani ramani.

— Tumeshayaona, Waziri, alisema Shangazi. Kunjua hiyo suruali.

— Tukiwapa watoto breki inayowafikiria, kesho watataka kiatu kinachowafikiria. Keshokutwa, daftari linalojijibu lenyewe. Mtoto atabaki na kazi gani?

— Kukufikiria wewe, alisema Sindano. Jamani, mwenzenu nina mpaka jioni. Nifunge au nisifunge?

— Funga! alisema Redio. Ila ujue, kitu kikishaanza kufikiri hakiishii hapo. Leo kinaamua lini gurudumu likwame. Mwezi ujao kinaamua mtoto asipite njia ya vumbi. Baadaye kinamrudisha nyumbani saa ya kazi za shule, hata kama anapiga pedali kwenda kucheza.

— Hapo baba yake atanunua viwili, alisema Shangazi.

— Na siku kikigoma? Waziri alinyoosha kidole. Mtoto yuko mteremkoni, anabana, kijisanduku kinasema subiri kwanza, natafakari. Mimi nataka breki inayotii, siyo breki yenye maoni!

— Breki ya kutii ndiyo iliyomrusha mjukuu wangu.

Waziri akaiendea baiskeli. Akainua gurudumu la mbele, akalizungusha, akabana breki kwa kiganja chake kipana. Gurudumu likasimama kimya.

— Mbona laini kabisa? Nimebana pole pole, imekuja pole pole. Kijisanduku cha nini?

Redio akajaribu. Naye akasema laini. Sindano akabana pia, akaachia, akabana. Haikuwa na kasoro yoyote, na hilo lilimtia hofu zaidi. Sasa angemwambia nini mwanawe? Kwamba breki ni nzima, kosa ni la mtoto?

— Basi tatizo ni mteremko, alihitimisha Redio. Tuwaandikie wakubwa wausawazishe.

— Au shule ihamishwe bondeni, alisema Waziri, uso mkavu. Watoto wawe wanasukumwa na upepo.

Wakati huo mama mmoja alifika na begi la shule lililokatika mkanda, akimtafuta fundi. Akasikiliza kidogo, akainama, akaushika mkono wa breki, akauachia.

— Samahani, baba zangu. Huyo mtoto anaufikia huu vizuri, au anaudaka kwa ncha za vidole?

Waziri akaonyesha kwa mikono ukubwa wa kiganja cha mtoto. Ukatoka ukubwa wa chungwa. Shangazi akasema hapana, ni kama kijiko cha supu. Wote wakamgeukia babu mtu.

Sindano alimshonea mjukuu wake nguo zote tangu azaliwe. Alijua bega lake, kiuno chake, na jinsi mkono wa kushoto ulivyozidi wa kulia kidogo. Lakini vipimo vyake vyote viliishia kwenye kifundo cha mkono, pale shati linapokoma.

— Sijui, alisema.

Akasimama, akashika baiskeli.

— Mama, niwekee begi hapo kibandani, nitalishona mchana. Naenda shuleni kumpima kiganja kabla hawajatoka mapumziko.

— Na kahawa yako? aliuliza Shangazi.

— Mpe Waziri, ameongea sana.

Akaondoka akiisukuma mbio mbio, mgongo umepinda kwa ufupi wa usukani. Mbele kidogo akanyoosha vidole viwili na kuudaka mkono wa breki kwa ncha tu, haraka, kama mtoto wa kiganja kidogo anayeogopa kuukosa. Gurudumu la mbele likakwama papo hapo, kiti kikapanda juu, na babu mzima akaukumbatia usukani.

Benchini hakuna aliyecheka, hata Redio.