Matairi Manne Sawa

Benchi letu ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani. Kimeegemezwa kwenye ukuta wa karakana ya matairi, na springi moja imechomoza pale anapokaa Mwalimu Hesabu, kwa hiyo Mwalimu hukaa upande kama mtu anayetaka kuondoka. Ana miaka tisa hajaondoka. Kulia kwetu kuna kompresa, na mpira wake wa upepo unaning'inia kwenye msumari. Mwenye baiskeli iliyolegea hujisaidia mwenyewe. Chupa ya kahawa ni ya Fundi Upepo, mwenye karakana. Mimi ni fundi viatu, wananiita Soli, na Jumatatu hiyo nilifika benchi nikiwa nimefura. Jumamosi, Kona, aliyemuoa dada yake Fundi, dereva wa gari la wagonjwa siku za kazi na wa mbio za magari siku za mapumziko, aliteleza kwenye kona ya tatu ya uwanja wa mbio, akazunguka kama pia, akaupiga ukuta kwa mgongo. Yeye mzima, gari limebonyea. Lakini timu yao inachagua dereva mmoja tu Jumamosi ijayo, na mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kwamba aliyemponza ni Fundi, kwa sababu ndiye aliyemshauri afunge matairi manne sawa. Fundi yule! Mtu asiyefunga hata nati ya toroli bila kuirudia mara mbili!

— Mimi nasema ni uonevu, nikaanza kabla sijakaa. Uonevu mtupu! Mtu anateleza huko, analaumiwa aliye huku.

— Soli, kunywa kahawa kwanza, akasema Babu Gia. Hasira hasara.

Babu Gia aliendesha lori miaka thelathini, na tangu astaafu hajawahi kukubali kwamba kuna gari lingine barabarani.

— Sinywi! Nani kasema matairi sawa ni kosa?

— Mimi nimesema, akajibu Babu Gia. Na nitasema tena. Gari lile limetoka kiwandani mbele jembamba, nyuma pana. Waliolitengeneza ni wendawazimu? Hata vidole vya mkono havilingani!

— Vidole vya mkono havikimbii mbio, Babu.

— Ndiyo maana havianguki!

Fundi Upepo alikuwa amechuchumaa mlangoni anasugua rimu kwa brashi ya waya. Hakuinua kichwa. Alikuwa anaisugua rimu ile kama vile ndiyo iliyomsema vibaya.

— Fundi, waelimishe, nikamwambia.

— Nimeshawaelimisha wiki mbili zilizopita. Mkasahau kabla kahawa haijapoa.

— Rudia.

Akaweka brashi chini.

— Kiwandani wanaweka nyuma pana ili gari liwe pole mkononi mwa kila mtu. Ukiingia kona kwa kasi, mbele ndiyo inaanza kukataa kupinda, wewe unaogopa, unapunguza mwendo, unafika nyumbani salama. Barabarani, vizuri. Lakini uwanja wa mbio ni kona juu ya kona. Yale membamba ya mbele yanabeba kazi yote, yanalika mabega, kwenye kingo zake, na huwezi kuyapeleka nyuma yakapumzike, maana hayaingiani na rimu za nyuma. Unayatupa. Ukifunga manne sawa, mbele inashika, gari linapinda unapolielekeza, na baada ya kila mbio unahamisha, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Yanalika pamoja.

— Umoja ni nguvu, akasema Mwalimu Hesabu, na kidole juu.

— Na mimi nasema mafahali wawili hawakai zizi moja, akasema Babu Gia. Wewe umeweka manne! Tairi la mbele likishakuwa na nguvu sawa na la nyuma, nani atamtii mwenzake?

— Babu, matairi hayatiiani.

— Ndiyo maana gari likageuka! Nyuma ilichoka kudharauliwa, ikaamua iende mbele.

Hapo ndipo nilipochemka kabisa.

— Mimi nashona viatu! Nikikuletea kiatu cha kulia namba arobaini na cha kushoto arobaini na nne, utanishukuru?

— Hapo umejifunga mwenyewe, akadakia Mwalimu. Kulia na kushoto siyo mbele na nyuma. Kihesabu, swali ni uzito. Gari lina uzito mbele na nyuma. Ukichukua uzito, ukaugawa kwa upana wa tairi, ukazidisha kwa idadi ya kona...

— Kona zipo ngapi?

— Tuseme kumi na moja.

— Tuseme! Huzijui!

— ...unapata kwamba kosa siyo upana. Kosa ni kwamba uwanja ule unapinda kulia mara nyingi kuliko kushoto. Kwa hiyo gari la mbio lilitakiwa liwe na matairi matatu mapana upande wa kushoto.

— Matatu upande mmoja, Mwalimu? Gari lina mangapi?

— Ninazungumzia kanuni, Soli. Usinivute kwenye vitu vidogo.

Babu Gia alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali yake. Fundi hakucheka. Na mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona Kona anaingia.

Gari lilikuja polepole, bampa la nyuma limefungwa kwa kamba, taa moja imepasuka. Kona akashuka akiwa na sare ya kazini. Huyu ni mtu ambaye, kwa kawaida, akifika husalimia mmoja mmoja na kumuuliza Babu Gia hali ya magoti yake. Siku hiyo alisimama mbele ya Fundi tu.

— Shemeji, hujambo.

— Sijambo. Karibu kahawa.

— Sikuja kunywa kahawa. Naomba rimu zangu za zamani. Nyembamba za mbele, pana za nyuma. Nitazipeleka kwa fundi mwingine azifunge.

Fundi akasimama.

— Fundi mwingine?

— Miaka kumi na moja sijakanyaga kwa fundi mwingine. Watu wananicheka, nawaambia yule ni shemeji yangu, mkono wake naujua. Ukaniambia nne sawa, nikafunga nne sawa. Na lilikaa vizuri, sikatai, wiki iliyotangulia lilikuwa linapinda kama wazo. Jumamosi, mzunguko wa pili tu, nyuma ikaniacha! Bila taarifa! Dada yako alikuwa amekaa jukwaani, shemeji. Alidhani nimekufa. Mpaka leo akisikia mlango umejibamiza anashtuka.

— Kona, matairi ni yale yale ya wiki iliyotangulia.

— Basi nini kimebadilika?

— Sijui. Nimewaza siku mbili, sijui.

— Hujui! Kikulacho ki nguoni mwako.

Neno lile lilinichoma mimi kuliko Fundi. Nikasimama.

— Wewe kijana, chunga mdomo! Unamwambia nani hivyo? Mtu huyu Ijumaa alikwenda msibani kumzika mjomba wake, na kabla ya kuondoka alituachia gari lako hapa, akasema, "Lilindeni kama mboni ya jicho." Tukalilinda! Hatukubanduka kutwa nzima! Hata chakula tulikula hapa, tumelizunguka gari lako kama wazee wa mahari!

— Kweli kabisa, akasema Mwalimu.

— Kama mboni, akasema Babu Gia.

— Sasa unakuja kututupia lawama? Wewe ulikwenda mbio mno. Mbio za sakafuni huishia ukingoni!

— Soli, ni mashindano ya mbio, akasema Kona. Niende vipi?

Nikapaza sauti zaidi. Babu Gia naye akapaza yake, akisema mchagua jembe si mkulima, na kwamba yeye ameteremka milima na tairi la akiba la trekta. Mwalimu akasema kama dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kona ya tatu inatazama magharibi, basi gari halikuzunguka, ni uwanja uliozunguka chini yake, na mwenye uwanja ashtakiwe. Fundi na shemeji yake walikuwa wamesimama wanatazamana, na kati yao kulikuwa na rimu moja nusu safi nusu chafu.

Ndipo mwanamke mmoja akakohoa. Tulikuwa hatujamwona. Alikuwa amesukuma pikipiki yenye sanduku la mikate, tairi la nyuma limekaa chini, helmeti ameishika kwapani.

— Samahani, wazee wangu. Nimekuja kuziba pancha, nikawa nasubiri mmalize, lakini naona hammalizi.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, akasema Babu Gia. Kaa, mama. Na wewe una maoni?

— Sina maoni. Nina swali tu. Hayo matairi, asubuhi ya Jumamosi yalikuwa na upepo kiasi gani?

— Thelathini na mbili, akasema Fundi papo hapo. Yote manne. Nilipima mwenyewe Alhamisi jioni.

— Alhamisi nimekuelewa, fundi. Nauliza Jumamosi.

Fundi akamgeukia Kona.

— Sikupima, akasema Kona.

— Hukupima? akauliza yule mama. Mtu wa mbio?

— Akishapima shemeji, mimi sipimi. Sijawahi. Ningeonekana simwamini. Kwetu hayo ni matusi.

— Na Ijumaa mimi nilikuwa msibani, akasema Fundi taratibu. Gari lilikuwa na hawa.

Sote watatu tukageukia chupa ya kahawa kwa pamoja. Babu Gia ndiye aliyeiwahi. Akainamisha, likatoka tone moja, halafu hewa.

Fundi akachukua mfukoni geji yake ya kupimia upepo. Akaenda nyuma ya gari, akapiga magoti.

— Nyuma kushoto, arobaini na nne.

Akahamia upande wa pili.

— Nyuma kulia, arobaini na nne. Yamejazwa kama ya lori, ndiyo maana hayakushika chini.

Babu Gia akaanza kufuta suruali yake pale kahawa ilipomwagika, ingawa palikuwa pameshakauka.

— Uzito uko nyuma, akanong'ona. Nilimsaidia kidogo tu.

— Mbele kushoto, thelathini na sita.

Mwalimu Hesabu akajisahau akakaa sawasawa, springi ikamchoma, akaruka.

— Kihesabu, akasema, ilitakiwa... na hakumaliza.

Fundi akafika gurudumu la mwisho. Na mimi nilijua kabla hajaweka geji. Ijumaa, baada ya chakula, Babu Gia alikuwa amesinzia na Mwalimu amekwenda msalani, nikalitazama lile tairi nikaona limekaza mno, kama kiatu kipya kinachombana mtu kidole. Miaka ishirini nimelegeza viatu vya watu na hakuna aliyelalamika. Nikachukua msharasi wangu wa kutobolea ngozi, nikabonyeza valvu kwa ncha yake, likapumua, likapumua, mpaka roho yangu ikaridhika. Nilirudi kukaa nikiwa nimemtendea Kona wema, tena wema wa kimya, ule usiotangazwa.

— Mbele kulia, akasema Fundi. Ishirini na sita.

Nne sawa! Yule mtu alifunga matairi manne sawa, akatukabidhi, nasi tukamrudishia kila mtu na tairi la kichwa chake. Na mimi ndiye niliyepiga kelele asubuhi nzima. Uso uliniwaka. Nilitamani mtu mwingine anitukane ili nipate wa kugombana naye, lakini hakuna aliyenitukana.

— La mbele kulia ni mimi, nikasema.

Fundi hakunitazama. Alikuwa bado amepiga magoti, na Kona akaja akapiga magoti karibu yake, na sare yake nyeupe kwenye ile sakafu ya mafuta.

— Shemeji, akasema Kona. Lile neno nililosema...

— Jumamosi ijayo unaingia saa ngapi?

— Saa tatu asubuhi.

— Manne sawa?

— Manne sawa.

Fundi akamshika mkono, akamfungua vidole, akaiweka geji kiganjani mwake.

— Basi kuanzia leo, nikishapima mimi, na wewe upime. Siyo matusi. Upime hata mbele yangu.

Akasimama. Akautoa mpira wa upepo kwenye msumari wake, akaukunja, akautundika begani. Akamwambia yule mama wa mikate asubiri kidogo, lake atalijaza kwa mkono wake. Kisha akaja mpaka benchi letu, akachukua chupa tupu, akaingia nayo ndani. Hakusema kama itarudi, na sisi watatu, tuliokuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi, hakuna aliyethubutu kumuuliza.