Tope la Jumamosi Pale Mlandege

Sogeeni karibu, enyi watu wa Mlandege, ninyi mnaokaa juu ya mteremko na ninyi mnaokaa chini yake. Zimeni redio, wekeni simu mifukoni, na aliyesimama mlangoni aingie ndani, kwa maana neno hili halimhusu jirani yake bali yeye mwenyewe. Jumatatu asubuhi, mbele ya duka la jumla la Jatin, watu watatu walikaa kwenye benchi lao wakinywa kahawa. Kando yao mtaro wa maji ya mvua ulikuwa umejaa tope mpaka mdomoni. Jumamosi mtaa mzima ulikuwa umelitoa tope hilo kwa makoleo, kila mtu mbele ya mlango wake, na kulirundika ukingoni kama ilivyo desturi, lisubiri gari la ofisi ya kata. Gari halikuja. Saa kumi ikaja mvua, ikalirudisha tope lote mtaroni, na maji yaliyokosa njia yakashuka hadi nyumba ya mwisho, nyumba ya Anjela mshona nguo, yakaangusha ukuta wa chumba alimolala mama yake mgonjwa.

Kati ya wale watatu, mmoja alijua kwa nini gari halikuja. Alikuwa Filemoni, mwashi mstaafu na mzee wa kanisa, ambaye kijiweni walimwita Katibu kwa kuwa ndiye katibu wa kamati ya usafi. Makubaliano yalikuwa mepesi: wakazi watoe tope, Katibu aende ofisini kusema kwamba tope liko tayari, ofisi ilete gari. Wakazi walitoa. Katibu aliondoka kwenda, akafika kwenye benchi hili, akaketi.

Aliyekuwa akizungumza ni Rabson, mchuuzi wa nyanya za Ilula. Walimwita Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona kitufe cha kumzima.

— Mimi nawaambia hili tope si letu. Tope la Iringa nalijua, ni jekundu. Hili jeusi. Limetoka Ubaruku.

— Ubaruku iko Mbarali huko, kaka, alisema Jatin. Limepanda basi?

— Limepanda lori. Malori ya mchele yanatoka mashambani na tope kwenye matairi. Yakifika hapa kwenye kona yanapiga breki, linadondoka. Wewe unabisha kwa sababu yanashusha kwako.

Jatin alicheka. Babu yake ndiye aliyelifungua duka hilo, naye mwenyewe alijifunza Kihehe kabla ya kujua kuhesabu. Kijiweni aliitwa Mizani, kwa kuwa kila jambo lazima alipime pande zote mbili, na kupima kwake huchukua mpaka jioni.

— Hayo ya tope nakuachia. Mimi nauliza habari ya mtaro. Wakati wa babu hapa hapakuwa na mtaro, na hakuna nyumba iliyoanguka. Maji yakiona mtaro yanajikusanya. Yanajua yamekaribishwa.

— Kwa hiyo tukiufukia, mvua itaacha kunyesha?

— Sijasema itaacha. Nasema maji yatatawanyika.

— Basi ngoja niwape ya ndani, alisema Rabson, akashusha sauti. Ramani ya huu mtaro si ya hapa. Ni ya mji mmoja wa ukame, siutaji, nina shemeji huko. Walichanganya mafaili. Sasa hivi ule mji una mtaro unaoweza kupitisha kiboko, unakula vumbi tu. Ndio wetu ule.

— Umeiona hiyo ramani?

— Aliyeiona namfahamu.

— Acha fiksi, Redio. Katibu, mbona kimya? Wewe ndiye mtu wa zege.

Filemoni alikohoa, akaanza. Akaeleza kwamba mteremko wa mtaro ni mdogo, kwamba pale kwenye kona umepindishwa ghafla mno, kwamba maji yakipunguza mwendo huacha mzigo wao. Alieleza vizuri, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu. Kila alilosema lilikuwa kweli, na ndani ya kweli hiyo alijificha, kama mkosaji anayejificha nyuma ya madhabahu. Jana yake, kanisani, alikuwa amemwombea mama yake Anjela kwa sauti. Aliomba kwa machozi, na hayakuwa machozi ya uongo. Watu wote wakasema amina, wala hakuna aliyejua kwamba mkono ulioinuliwa juu katika maombi ndio ulioshiriki kuubomoa ukuta.

Ndipo Anjela mwenyewe akapanda kutoka chini, koleo begani, kitenge kimegandamana kwa tope mpaka magotini. Hakuwa mtu wa kufika kijiweni.

— Kamwene, wazee wangu. Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Filemoni. Mama kaamkaje?

— Yuko kwa jirani. Kifua kinambana, ila uji kanywa kidogo.

— Kaa hapa, dada, alisema Rabson akisogea. Tena tunaliongelea suala lako tangu asubuhi.

— Nimewasikia. Nina swali moja tu, halafu narudi kazini. Jumamosi, nani alikwenda ofisini kuita gari?

Rabson alitazama ndani ya kikombe chake. Jatin alitazama barabara. Wote wawili walikumbuka, katika dakika ile ile, Katibu akija Jumamosi na daftari kwapani, na wote wawili wakakumbuka walivyomsogezea nafasi.  Filemoni angeweza kunyamaza mpaka swali lile lipite, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumtaja. Alijua pia kwamba akinyamaza sasa, sala yake ya jana itageuka kuwa shahidi dhidi yake.

— Niliagizwa mimi, mwanangu, alisema Filemoni. Sikwenda.

— Ulizuiwa na mtu?

— Hapana. Nilikaa hapa.

— Mpaka saa ngapi?

— Mpaka mvua.

Anjela aliliteremsha koleo, akaliegemea.

— Mimi ndiye niliyemwita, alisema Jatin. Nilimwambia njoo kwanza, ofisi haikimbii. Na maboksi ya duka langu yamo humo mtaroni, usiniulize mangapi.

— Nyanya zangu zilizooza nazo zimo, alisema Rabson. Alhamisi nilizimwaga pale kwenye kona. Ingawa malori nayo...

Akaishia hapo. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

— Nisamehe, mwanangu, alisema Filemoni.

— Baba, nitakusamehe, ila sio leo. Leo sina nafasi. Mawingu yameshakaa juu ya jiwe la Gangilonga, na tope liko pale pale. Nataka liondoke kabla ya saa kumi. Na safari hii asitumwe mtu mmoja. Waende wawili, ili mmoja akikaa, mwenzake amnyanyue.

Filemoni alisimama. Jatin akaingia ndani, akamwambia mkewe Hetal kitu kwa Kigujarati, akatoka na funguo za gari, wakaondoka wawili kwenda ofisini.  Rabson alilichukua koleo mkononi mwa Anjela, akashuka mtaroni na viatu vyake vya sokoni.

Ofisini karani aliwasikiliza, akafungua daftari, akawatazama kwa mshangao.

— Gari lilikuwepo Jumamosi, wazee. Dereva aliwasubiri mpaka saa tisa.

Filemoni hakujitetea. Aliomba lije sasa, akasimama pale pale mlangoni mpaka alipoliona limewashwa, kisha akarudi nalo akiwa amepanda nyuma, juu ya makoleo na matoroli, licha ya umri wake. Saa tisa na nusu rundo la mwisho lilipakiwa. Mvua iliponyesha, maji yalipita mtaroni. Ukuta wa Anjela ulikuwa bado chini, na mama yake bado alilala kwa jirani.

Nanyi mliosikia, msiseme hii ni habari ya Filemoni. Mji una sehemu yake, nanyi mna sehemu yenu, na kati ya sehemu hizo mbili pana hatua chache ambazo hakuna anayezigombania kwa kuwa hazina sifa. Hapo ndipo nyumba za watu huangukia. Wewe uliyefagia mbele ya mlango wako na kulisukuma tope mbele ya mlango wa mwenzako, geuka. Wewe unayeilaumu ofisi kwa ufasaha wala hujawahi kuipigia simu, geuka. Usimwombee jirani kwa kinywa wakati taka zako zinashuka kwenda kwake. Kama umetumwa, nenda. Kama umeketi, simama. Na kama umekwisha kukosa, mfuate uliyemkosea, umwambie leo.