Opicho na Usaili wa Pili

Opicho hakuwa na digrii, hakuwa na tai, hakuwa na mjomba katika ofisi yoyote, wala kompyuta yake mwenyewe. Alikuwa na vyeti viwili vya mitandao na barua ya kuijibu kampuni ya intaneti mkononi, akipanga foleni ya posta.

"Kampuni ya intaneti ndiyo inataka jibu la karatasi?" akashangaa mama aliyekuwa nyuma yake, Kavinya, muuza mitumba wa soko la Muthurwa.

"Ndiyo, mama. Kwenye intavyu waliniuliza, kama ningekuwa mnyama, ningekuwa yupi. Nikasema simba."

"Wao wakaona punda."

Opicho akacheka bila kupenda. "Halafu wakasema nitengeneze mtandao wa ofisi nzima, eti wanipime. Nikatengeneza kutwa nzima. Wakaahidi kunipigia simu. Miezi miwili, kimya. Sasa wananiita tena, na swali ni moja tu: nilifunga mitambo yao kwa neno gani la siri? Siku ile hakuna aliyeniuliza."

Kavinya alicheka mpaka karani akainua macho. "Na umewajibu nini?"

"Kwamba nitawaandikia neno hilo siku yangu ya kwanza kazini."

"Watatafuta fundi mwingine, kijana wangu."

"Huyo naye watamfanyia intavyu."

"Na hao watoto uliosema unao mtaani Huruma watakula kiburi?"

Foleni ilisogea, zamu ya Opicho ikafika. Alilamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akamkabidhi karani. Muhuri ukagongwa.