Vijidudu Ndani ya Shito

Mjinga wa siku ile alikuwa Ebo wa maabara, na mwenyewe hakatai. Ndani ya treni ya Tema alimtambia mama aliyeketi kando yake: "Mimi nilitia vijidudu vya kuharisha kwenye shito, ile pilipili ya kukaanga ya Naa Korkor. Makusudi!"

"Naa Korkor ndiye mimi."

Behewa zima likatega masikio, adabu kando.

"Maduka yanangoja jibu la maabara yenu ndipo yapokee shito yangu, nawe wanichafulia?"

"Ni kipimo, Mama! Tunavitia kwenye sampuli tuone kama vitakufa. Kwako vimekufa vyote!"

Mama akafungua kopo jipya, akachovya tonge la kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, akampa. Ebo, kwa mazoea ya kazi, akalinusa kwanza.

"Wa kuiogopa shito yangu ni vijidudu, mwanangu. Kumbe nawe ni mwenzao?"