Norbert Emil Zielke, Fundi wa Njia Kumi na Mbili (1942–2019)

Wasifu huu umeandikwa na Delmar Zielke, mdogo wake marehemu, na ndiye anayeusoma. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Mjane wake, Lorraine, anayo karatasi ambayo marehemu aliiandika kwa mkono wake. Wote mlioketi humu kanisani mnajua kwamba ndugu hawa wawili hawakusemezana kwa miaka ishirini na mitano, kwa hiyo anayetaka kuguna na agune sasa, yaishe.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Oktoba 1942, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa lililoko maili nne magharibi mwa Tilden Falls, akiwa mtoto wa kwanza wa Emil na Hedwig Zielke. Delmar alifuata baada ya miaka minne. Mama yao alikuwa akisema kwamba Norbert alizaliwa na tambara mkononi, kwa jinsi alivyokuwa hawezi kupita penye vumbi bila kulifuta, na kwamba Delmar alizaliwa na domo.

Alisoma katika shule ya kanisa hili hadi darasa la nane, kisha akamaliza sekondari ya mji mwezi Mei 1960. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Tangu mwaka 1955, kila alipotoka darasani alikwenda katika ukumbi wa Lakeway wa bouling, mchezo wa kuangusha pini kumi kwa tufe zito, kusimamisha pini kwa mikono, kabla mashine hazijaletwa. Huko ndiko alikosoma hasa. Akiwa amekaa juu ya ukuta nyuma ya pini, aliyaona matufe yakija yakimwelekea, na akagundua jambo ambalo warushaji wengi hawalijui mpaka wanazeeka: kwamba tufe lile lile, likirushwa na mkono ule ule, halifiki mahali pale pale saa nane na saa kumi. Kinachobadilika ni mafuta yaliyopakwa juu ya mbao.

Baada ya miaka miwili jeshini alirudi Lakeway mwezi Agosti 1962 akiwa fundi wa njia za mbao ambazo matufe hupitia, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka hamsini na mitano. Njia zilikuwa kumi na mbili. Kila siku saa saba mchana alizifuta na kuzipaka mafuta upya, kwanza kwa pampu ya mkono, baadaye kwa mashine ya kusukuma. Futi arobaini za mwanzo zilipata mafuta, ishirini za mwisho zikaachwa kavu, na kutoka katikati kwenda pembeni mafuta yalipungua kidogo kidogo, lakini hayakukosekana. Watu walidhani anapiga deki. Yeye alijua kwamba anaamua tufe litateleza mpaka wapi na litashika sakafu wapi.

Delmar alifundishwa na kaka yake kurusha. Masomo yalifanyika Jumamosi asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu.

“Usiangalie pini, Del. Angalia tufe linaacha kuteleza wapi.”

“Mimi naangalia pini. Si ndizo zinazoanguka?”

“Ndiyo maana zako hazianguki.”

Matufe yaliyokuja miaka ya tisini yaliwachanganya wengi, lakini si Norbert. Yalikuwa na ngozi yenye vinyweleo vinavyokunywa mafuta, na ndani yalikuwa na kiini kizito kilichokaa upande. Ukilirusha tufe la namna hiyo kwenye mafuta mengi huku linang'aa, linapita moja kwa moja na kuchelewa kukata kona. Ukilirusha kwenye njia kavu huku limepigwa msasa, linakata mapema mno na kufika kwenye pini likiwa limechoka. Na kadiri mchezo unavyoendelea, kila tufe linaondoka na mafuta kidogo, mpaka sehemu iliyokuwa inateleza inaanza kushika, na mrushaji lazima asogeze miguu au abadilishe tufe. Marehemu aliweza kupapasa ngozi ya tufe kwa kidole gumba na kusema limechezwa michezo mingapi. Hakuwahi kukosea kwa zaidi ya mitano.

Yeye mwenyewe alikuwa mrushaji mzuri kuliko alivyokubali. Mwezi Machi 1971 alipata mia mbili tisini na tisa kati ya alama mia tatu, yaani straiki kumi na moja mfululizo, kila moja ikiangusha pini zote kumi kwa tufe moja, na katika tufe la kumi na mbili pini ya kumi ikatikisika, ikainama, ikasimama tena. Walipomwambia njia ilimwonea alijibu, “Njia nimeipaka mwenyewe, nimlaumu nani?” Hakufikia tena alama hiyo. Aliizungumzia mara chache, naye Delmar aliizungumzia mara nyingi mno.

Tarehe 22 Juni 1968 alifunga ndoa na Lorraine Wojta, binti wa Kikatoliki kutoka upande wa pili wa mto. Baba yetu Emil alinuna kwa wiki tatu, kisha akaonja keki za mbegu za mpopi za mama mkwe na kununa kwake kukaisha. Sherehe ilifanyika Lakeway. Bwana harusi alicheza polka mara moja tu, halafu akaonekana amepiga magoti na suti yake akisugua njia ya nne, kwa kuwa mgeni mmoja alikuwa amemwagia bia. Lorraine aliwaambia watu, “Mwacheni. Mimi nilijua ninaolewa na nani.” Walijaliwa mtoto mmoja, Joanne, mwaka 1970.

Sasa tunafika Alhamisi ya tarehe 18 Novemba 1993. Joanne alimwomba Delmar aipite siku hiyo, lakini ndiyo iliyomleta hapa mbele.

Mchana wa siku hiyo Delmar alikwenda Lakeway na tufe jipya, la bluu iliyokolea, la ratili kumi na tano. Lilikuwa linang'aa kama kioo, na kwenye majaribio liliteleza mno. Ilikuwa saa saba, saa ya kupaka mafuta, na ligi ya watu wa kiwandani ilianza saa kumi alasiri.

“Nipigie msasa, Norb.”

“Nina njia kumi na mbili za kupaka.”

“Dakika kumi tu, kaka.”

Norbert hakujua kufanya kazi ya dakika kumi. Alilishughulikia tufe lile kwa saa moja na nusu, akilizungusha kwa mkono, msasa mkavu kisha wa maji, mpaka likafifia sawasawa pande zote. Ndipo akapaka njia haraka haraka. Mchezo ulipokwisha kuanza, akisafisha mashine chumba cha nyuma, aliona kwamba utambi wa pembeni unaopitisha mafuta ulikuwa umeziba. Njia ya saba na ya nane hazikupata mafuta upande wa nje. Alisema baadaye kwamba hilo ndilo kosa lake: alipaswa kutoka na kusimamisha ligi, lakini alijiambia ni Alhamisi ya kawaida, nani atakayefanya maajabu?

Delmar alikuwa akicheza njia ya saba na ya nane. Alipiga straiki kumi na mbili. Mia tatu, ya kwanza katika ukumbi ule kwa miaka kumi na tisa. Watu walimbeba. Katibu wa chama cha bouling cha wilaya alileta karatasi, maana pete ya zawadi ya mia tatu haitolewi mpaka fundi aweke sahihi kwamba njia zilipakwa kwa kanuni. Norbert aliishika ile karatasi kwa muda mrefu.

“Weka sahihi, Norb, tukanywe.”

“Siwezi, Del. Pembeni hapakuwa na mafuta.”

“Nani aliyepaka?”

“Mimi.”

“Basi weka sahihi!”

“Siwezi kuandika kisichokuwepo.”

Hapo Delmar, mbele ya ligi nzima, alisema maneno ambayo wengine humu waliyasikia kwa masikio yao. “Wewe ulikwama kwenye mia mbili tisini na tisa, na ulitaka nami nikwame hapo hapo. Ni wivu, Norb. Wivu mtupu.” Norbert hakusema kwamba alichelewa kwa sababu ya tufe la mdogo wake. Delmar alilijua hilo, naye hakulisema. Aliliacha tufe pale pale kwenye reli ya kurudishia matufe, akatoka nje bila koti, na tangu siku hiyo akahamia ligi ya mji wa jirani.

Ilipita miaka ishirini na mitano. Mji wenyewe ni mdogo, wana wa baba mmoja, na kila mmoja alijua saa ambayo mwenzake hununua nyama ili asikutane naye. Mama yetu alipozikwa mwaka 2001 walibeba jeneza moja, mmoja mbele na mmoja nyuma, bila kuangaliana.

Tufe la namna ile hufa. Vinyweleo vikijaa mafuta halishiki tena sakafu, hata ulirushe kwenye njia ya namna gani. Ukitaka liendelee kuishi unaliweka kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, mafuta yanatoka na kuelea juu, unalifuta, unarudia. Delmar amejua wiki hii tu kwamba kila mwaka, Jumamosi kabla ya Pasaka, Norbert alishuka chini kwenye sinki la kufulia na kuliogesha tufe la mdogo wake. Mara mbili kwa mwaka alilirusha mwenyewe ili lisidumae. Mwaka wa kwanza Lorraine alimkuta amelikodolea macho majini.

“Norb, unachemsha kuku?”

“Sichemshi kuku. Namwogesha Del.”

Alianza kuishiwa pumzi mwaka 2016. Madaktari walisema mapafu yanakauka na kuwa magumu, na kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma. Tarehe 3 Novemba 2017 alipaka njia kwa mara ya mwisho, akipumzika kwenye kiti baada ya kila njia, na akakataa kusaidiwa mpaka ya kumi na mbili. Baada ya hapo aliishi na mtungi wa hewa kando ya kiti chake, akitazama ziwa kupitia dirishani.

Jumanne ya tarehe 5 mwezi huu Lorraine alimpigia Delmar simu.

“Shemeji, anakuuliza.”

“Anasemaje?”

“Hasemi sana, hana pumzi. Anasema, ‘Del yuko wapi?’ Njoo.”

Delmar alijibu kwamba Alhamisi ana mechi ya ligi na wenzake wanamtegemea, atakuja Jumamosi. Mzee wa miaka sabini na miwili, na mechi ya ligi. Lorraine akasema, “Haya, shemeji,” akakata simu. Alhamisi Delmar alicheza michezo mitatu, na yote alicheza vibaya. Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 8 Februari 2019, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, mkewe na binti yake wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita.

Jumamosi Delmar alikuja kama alivyoahidi. Lorraine hakumlaumu, na afadhali angemlaumu. Alimpa mkoba. Ndani mlikuwa na tufe la bluu, safi, na ile karatasi ya mwaka 1993, mahali pa sahihi pakiwa peupe.

Jana asubuhi Delmar alilipeleka Lakeway. Njia ya saba ilikuwa imepakwa upya, sawasawa, hadi ukingoni, na kijana ambaye Norbert alimfundisha. Tufe lilikuwa hai. Lilirushwa vizuri, liliteleza, likashika, likakata kona na kuzipiga pini kwa sauti ile ile. Kisha Delmar alilirusha makusudi mbao tatu nje zaidi, kuelekea ukingoni. Halikurudi. Liliendelea kuteleza kule kule pembeni, likaangusha pini mbili tu za pembeni. Alijaribu mara tano, na mara zote tano halikurudi.

Mwaka 1993, katika raundi ya tatu, kidole gumba kilikwama tunduni na tufe likamponyoka Delmar mbao tatu nje. Alikwisha kufumba macho. Lilirudi lenyewe kama ng'ombe arudiye zizini saa ya kukamuliwa, likapiga straiki. Mtu aliyefundishwa na Norbert Zielke hawezi kuona hivyo asijue kwamba pembeni hapana mafuta. Delmar alijua. Alijua katika raundi ya tatu, na katika raundi zilizobaki akalirusha huko huko nje makusudi, maana alijua litarudi. Alijua alipomwita kaka yake mwenye wivu, na amejua kila siku kwa miaka ishirini na mitano. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mke wake marehemu. Leo anawaambia ninyi, na anaona aibu, na aliyestahili kuambiwa wa kwanza amelala hapa hasikii.

Makaburini wamewasha mashine ya joto siku mbili kuyeyusha ardhi iliyoganda kwa baridi, na kaburi liko tayari. Baada ya mazishi mnakaribishwa ukumbi wa chini kwa mkate wa nyama ya nguruwe na kahawa.

Marehemu ameacha mjane, Lorraine, binti, Joanne, wajukuu wawili, Tyler na Renee, njia kumi na mbili zilizo sawa, na mdogo wake mmoja, aliyechelewa siku moja.

Ile karatasi ya mwaka 1993 iko katika mfuko wa koti la marehemu, upande wa kushoto. Delmar aliiweka asubuhi hii kabla ya jeneza kufungwa. Pale palipokuwa peupe ameandika: Njia hazikuwa sawa. Fundi alisema kweli. Kisha akaweka sahihi yake.

Pumzi uliyonyimwa uipate huko, Norb, na upumzike.