Mishale Inayokimbilia Goma

Ukitaka kujua jambo lolote usilolihitaji, nenda kakae kwenye benchi ya Kadiri fundi cherehani, pale kona ya barabara inayoteremka ziwani Gisenyi, mkabala na kiwanja kitupu chenye ukuta wa mawe ya volkano. Utanunua kahawa ya tangawizi, na bure utapewa ushauri wa ndoa, wa figo na wa serikali za nje. Siku hiyo ushauri ulikuwa wa pinde. Evode, motari aliyeichoka pikipiki, alikuwa amekuja na pinde tatu za kuwindia, zile za kisasa zenye kapi mbili na kamba zinazopishana. Mjini hapa hakuna cha kuwinda isipokuwa wateja, lakini hoteli moja ya ufukweni imezileta ili wageni walenge shabaha, na inatafuta mwalimu. Evode, kwa mdomo wake, aliringa kwamba utotoni kule Rugerero hakuna mtoto aliyemshinda kwa upinde. Mukantwari, meneja, akamwambia sawa, chukua hizi, chagua ule ambao mkono wako unausikia, na saa tisa uje upige mishale mitatu mbele yangu. Ukikosa, kuna mtu wa Musanze anangoja.

Mpaka saa saba na nusu mkono wa Evode ulikuwa haujasikia kitu zaidi ya maumivu ya bega. Gunia la mabaki ya vitambaa lilikuwa limesimamishwa kwenye ukuta ule, ng'ambo ya barabara, na kila mshale ulilipita kwa upande wa kushoto, tena kwa mbali. Miwili ilikuwa imeshavunjikia kwenye mawe.

– Shida ni kipimo, akasema Kadiri. Upinde iko sawa na koti. Donc, nyoosha mikono.

Akampima kwa futi yake kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akagawanya kwa mbili na nusu, akakuna kichwa.

– Hii mikono si ya wewe.

– Ni ya mutu gani?

– Ya mutu moja wa Mahoko. Nilimushonea suti mwaka jana, hakurudi kuichukua.

Komanda hakutaka kusikia habari za futi. Huyu jina lake ni Bahizi, alilelewa Uganda, akastaafu jeshini, na goti lake moja limestaafu naye. Alieleza kwa kirefu kwamba silaha haisikiwi, inatiiwa. Ule wa madoadoa ya kijeshi auache kabisa, maana kona ya kwanza tu ataulizwa aliutoa kikosi gani. Achukue mweusi, mzito kuliko yote, umfunze adabu. Evode akauvuta ule mweusi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mshale ukaenda kushoto.

Ndipo Cyiza akaweka kikombe chini. Cyiza tunamwita Dodoma kwa sababu alikulia Tanzania na hajamruhusu mtu yeyote kusahau. Ana methali kwa kila jambo, ila mara nyingi si jambo lililopo.

– Ndugu yangu, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Piga magoti.

Evode akapiga magoti. Mshale ukaenda kushoto vilevile, safari hii ukiwa karibu na ardhi.

Mtu mwingine angeona aibu, lakini Dodoma aliutazama ukuta, akautazama mlima wa volkano kule Kongo unavyofuka moshi, akatoa nadharia. Ukisimama hapa ukauelekea ukuta, kushoto kwako ni Goma, ng'ambo ya mpaka. Mlima umejaa chuma, ncha ya mshale ni chuma, na damu nzito kuliko maji. Komanda akauliza, kama ni hivyo, mbona vijiko havivuki? Kadiri akakumbuka kwamba kwa kweli vijiko vyake viwili havionekani tangu Krismasi. Basi ikapitishwa na wote kwamba mishale inakimbilia Kongo, bila jeton ya kuvukia mpaka wala pasi, na kwamba hilo ni suala la forodha, si la Evode.

Evode hakucheka. Miaka kumi na mmoja amebeba watu kwenye mvua, na hii ndiyo kazi ya kwanza aliyoitaka mwenyewe. Jana usiku, mjinga yule, alimwambia mkewe kwamba ameshaipata. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma.

– Mi sisikii hata moja, akasema. Labda hii kitu iliniacha.

Kando ya mlango kulikuwa na upinde wa tatu, wa kijivu, ambao hakuna aliyehangaika nao. Kijiwe kilishaamua kwamba kiwanda kimekosea, maana mahali pa kulaza mshale palikuwa upande usio wake, na Kadiri alikuwa ametundika juu yake suruali ya mteja. Mwanamke mmoja wa Kanzenze, Mukamusoni, aliyekuwa akingoja usafiri na gunia lake la viazi, alikuwa amekunywa kahawa yake yote akiwasikiliza wanaume hawa bila kuwaingilia. Sasa akauliza.

– Papa, kule Rugerero, utoto yako, ulikuwa unavuta na mukono gani?

Evode akaitazama mikono yake yote miwili.

– Ya kushoto, akasema mwishowe.

Ikamtoka polepole. Mpaka alipoingia darasa la kwanza kila kitu alikifanya kwa kushoto. Mama yake, Mungu amrehemu, akaufunga mkono ule kwa kipande cha kitenge, na mwalimu akamalizia kwa fimbo. Mkubwa hapewi kitu kwa kushoto, chakula hakiguswi kwa kushoto. Baada ya muhula mmoja mkono ukatulia, na upinde nao akauacha. Siku zote alidhani ni kwa sababu alikua.

Mukamusoni aliitoa ile suruali, akaikunja vizuri, akampa upinde wa kijivu, ambao kumbe ulitengenezewa mtu wa kushoto. Evode akaushika kwa kulia, akavuta kwa kushoto. Kapi zikazunguka, uzito ukalegea, kamba ikamgusa shavuni, na jicho lake la kushoto likaliona gunia bila kubishana na mtu. Mshale ukaingia katikati ya gunia. Wa pili ukaingia. Wa tatu nao.

Benchi nzima ikaanza kugawana ushindi. Kadiri akasema ni kile kipimo. Komanda akasema ni nidhamu. Dodoma akasema hata ile fimbo ya mwalimu ilisaidia, kwani mchelea mwana kulia hulia yeye.

– Bon, akasema Mukamusoni. Ile mukono ilikuwa na kosa gani?

Dodoma akainua birika ajimiminie kahawa. Kadiri akajishughulisha na futi yake, akiikunja na kuikunjua. Komanda aliutazama mkono wake mwenyewe wa kushoto, kisha akauingiza mfukoni, na birika lilikuwa tupu, hakuna hata cha kujifichia.

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kufika saa tisa. Mukamusoni akavuka barabara, akaichomoa ile mishale mitatu kwenye gunia, akarudi kumkabidhi. Evode akaipokea kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyemkemea.