Finda Tengbeh, Aliyekataa Kuosha

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna anayetwanga hapo nyumbani, mwambieni apumzishe mchi kidogo. Leo tunamkumbuka Finda Tengbeh, muosha maiti wa Koindu. Tumemzika Jumamosi. Finda aliwaosha mama zetu na bibi zetu, na siku moja alikataa kuosha. Narudia: alikataa. Na wengi mnaonisikiliza mko hai kwa sababu hiyo, mpende msipende.

Mwaka ule wa Ebola, dada yake mkubwa, Sia, alivuka mto kwenda msibani Guinea. Aliporudi, homa ikampanda ghafla. Kichwa kinauma, viungo vinauma, hana nguvu hata ya kuinua kijiko. Watu wakasema malaria. Kisha akatapika, akahara. Wakasema kalishwa kitu. Finda alisimama mlangoni akaona macho mekundu, akasikia kwikwi. Kwikwi isiyokoma. Ni yale yale wauguzi waliyoyataja redioni, hapa hapa kwetu. Akapiga simu gari la wagonjwa lije.

"Mdogo wangu, nishike mkono," Sia alimwomba.

"Siwezi, dada. Lakini nipo. Siondoki."

Hakuondoka, na hakumgusa. Msidhani ilikuwa rahisi, jamani. Ilimuuma mpaka anakufa. Sia akafariki gari halijafika.

Sasa, kwetu mwanamke asiyeoshwa hapokelewi na wahenga wake. Finda alilijua hilo kuliko wote. Wanawake walishaleta sabuni nyeusi na shuka jeupe. Mume wa marehemu, Tamba, akafungua kinywa cha mkewe mbele ya watu.

"Tazameni! Hakuna hata tone la damu! Ebola gani hii?"

Hilo ndilo kosa lililotumaliza, wapendwa. Tulingoja damu. Wengi walikufa bila kutoka damu hata tone, na maiti zao zikaambukiza walioziosha.

Finda akamwaga maji ya kuoshea, akaipindua ndoo mlangoni, akaikalia, mchi mapajani. Kumba, binti wa Sia, anakumbuka: "Nilimtukana mama mdogo. Nikamwita mchawi. Akaniambia, 'Tukana, mwanangu, tukana mpaka uchoke. Ila humu huingii.'"

Tamba naye akaja juu. "Unamnyima dada yako maji! Na wewe, nani atakuosha?"

"Nizikwe bila kuoshwa, shemeji, mradi wewe uwepo wa kunicheka."

Hakuinuka kwenye ndoo mpaka timu ya mazishi ilipofika na mavazi yao ya kujikinga. Vipimo vikarudi: Ebola. Haukupita muda, Tamba, aliyekigusa kile kinywa, akapata homa. Akadai ni malaria. Safari hii Finda hakungoja kwikwi.

"Panda gari, shemeji, au nikupandishe kwa mchi."

Akapanda. Akatibiwa, akapona. Nyumba ile haikuzika mwingine.

Hata hivyo wapo waliomnunia miaka na miaka. Wakimwita sokoni "aliyemtupa dada yake", alikuwa akiwajibu, "Nikamtupa mmoja, nikabaki na ninyi. Hasara tupu!"

Wiki iliyopita moyo wake ulisimama. Wahudumu wa afya walichukua kipimo kwanza, kama alivyoagiza mwenyewe. Majibu yakarudi safi. Ndipo wanawake wakaja, wengi mpaka wengine wakakosa pa kusimama. Kumba ndiye aliyeongoza kuosha.

Nanyi mliobaki, tafakarini. Homa ya ghafla, mwili kuishiwa nguvu, kutapika, kuhara, na mtu ametoka kuuguza au kuzika: msimguse, pigeni simu. Msingoje damu! Kisha kila mmoja ajiulize kama angeweza kuikalia ile ndoo.

Poleni ukoo wote wa Tengbeh. Pole, Kumba. Na pole, mzee Tamba, uliyeuliza nani atamwosha. Mwanamume haingii anapooshwa mwanamke, lakini Jumamosi Koindu nzima ilikuona. Maji yote uliyachota wewe.